Muziki na Makabaila wa Uingereza Mwishoni mwa Enzi za Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unakusanya maswali yanayorudi kila mara tunapozungumza habari za wafalme wa Uingereza, mabwana wao na watu waliowapigia muziki. Huna haja ya kuusoma kutoka juu hadi chini. Pale jibu linapokwisha kutolewa kwingine, tumekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Kipindi hiki ni lini hasa?

Takriban 1300 hadi 1500, tangu uzee wa Edward I hadi enzi ya Henry VII. Katikati yake kuna Tauni Kuu ya 1348–1349, Vita vya Miaka Mia dhidi ya Ufaransa, na mapigano ya wenyewe kwa wenyewe kati ya ukoo wa Lancaster na ukoo wa York. Mahali pamoja tutavuka hadi 1512, kwa sababu daftari la matumizi ya nyumba lililoanza mwaka huo ni tamu mno kuachwa.

Makabaila tunaowazungumzia ni akina nani?

Ni wenye vyeo vya kurithi na ardhi kubwa: baroni na erli kwa vyeo vya zamani, kisha duki, aliyeongezwa mwaka 1337 mwana wa Edward III alipofanywa Duki wa Cornwall. Chini yao walikuwapo manaiti, wapiganaji wa farasi waliotawazwa rasmi. Wengi wao waliishi maisha ya kuiga mabwana wakubwa, muziki ukiwemo, kwa kadiri mfuko ulivyoruhusu.

Minstreli alikuwa nani? Ni yule mwimbaji wa kutangatanga na kinubi mgongoni?

Huyo wa kutangatanga alikuwapo, lakini picha hiyo imewadanganya wengi. Neno lenyewe limetokana na Kilatini, na maana yake ya asili ni mtumishi. Minstreli wa kabaila alikuwa mfanyakazi wa nyumba kama mpishi au mtunza farasi: anakula hapo, analala hapo, anavaa sare yenye nembo ya bwana wake. Tofauti ni kwamba kazi yake ilisikika.

Kazi hiyo nayo haikuwa kuburudisha tu. Kitabu cha taratibu za nyumba ya Edward IV, kilichoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1470, kinataja minstreli 13, mmoja wao akiwa msimamizi wa kuwapanga wenzake siku za sikukuu. Walipuliza ili idara za nyumba zijue mfalme anakaribia kula, zijiandae. Kitabu hichohicho kinamtaja mlinzi wa usiku mwenye zumari: kuanzia sikukuu ya Malaika Mikaeli, tarehe 29 Septemba, hadi Alhamisi Kuu, alipuliza zamu mara nne kila usiku, na usiku mfupi wa kiangazi mara tatu. Kwa maneno mengine, huyu ndiye aliyekuwa saa ya jumba.

Kwa nini bwana mkubwa alitaka kuwa na wapigaji wake mwenyewe, asikodi tu siku ya karamu?

Kwa sababu ukubwa ulitakiwa usikike kabla haujaonekana. Bwana alipoingia mjini tarumbeta zilimtangulia. Chakula kilipoletwa mezani kilipigiwa. Mgeni alipopokewa, idadi ya waliopuliza ilimweleza amepewa heshima ya kiasi gani. Msomaji wa pwani ataelewa haraka akiikumbuka siwa ya Lamu au ya Pate: haikupulizwa na kila mtu, wala kwa kila harusi, na aliyekuwa na haki ya kupuliziwa siwa alijulikana. Uingereza hapakuwa na pembe moja takatifu ya namna hiyo, ila hisia ni ileile.

Wapigaji walikuwa pia jina la bwana linalotembea. Walipopewa ruhusa ya kusafiri walikwenda na sare yake, na kila nyumba iliyowakaribisha ilikuwa inamkaribisha yeye. Madaftari ya matumizi ya miji na monasteri yamejaa malipo kwa "minstreli wa Duki fulani" au "wa Erli fulani". Majina yao wenyewe mara nyingi hayakuandikwa.

## Ala

Walipiga ala gani?

Walizigawa kwa ukali wa sauti, na mgawanyo huo ulikuwa na maana kuliko huu wetu wa nyuzi, upepo na ngoma. Kundi la kwanza ni ala za juu: tarumbeta, mazumari, ngoma. Hizi ni za uwanjani, ukumbi mkubwa, maandamano na dansi. Kundi la pili ni ala za chini: kinubi, udi, fidla, rebeki (ala ndogo ya nyuzi ya kusuguliwa kwa upinde), filimbi laini, na ogani ndogo ya kupakatwa. Hizi ni za chumbani, bwana akiwa na mkewe na watu wake wa karibu, au mgonjwa akitaka kutulizwa.

Kuelekea 1500 utakuta nyumba tajiri ina makundi yote mawili, kila moja na watu wake. Mtu wa tarumbeta hakuitwa chumbani.

Ni kweli baadhi ya ala hizi zilitoka kwa Waarabu?

Ni kweli, na hapa msomaji wa Kiswahili anaanza akiwa mbele ya Mwingereza. Ala tunayoiita udi, ileile ya taarabu, ilipita Hispania ya Waislamu na njia nyingine za Mediterania ikaingia Ulaya, na jina la Kiingereza la ala hiyo ni "al-ʿud" iliyochakaa mdomoni. Rebeki ni ndugu wa rababa. Zumari la makabaila ni la ukoo mmoja na zumari za Mashariki ya Kati, na hata yale ya pwani yetu. Ngoma ndogo pacha, zilizofungwa kiunoni, ziliitwa kwa jina lililotokana na naqqara ya Kiarabu.

Kinubi kilikuwa cha nyumbani, hakikuhitaji kuvuka bahari. Huenda ndiyo sababu kilibaki na heshima ya pekee (soma swali kama mabwana walipiga wenyewe).

Ipo ala yoyote ya wakati huo iliyobaki?

Zipo chache mno, na moja ni ya ajabu. Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London lina sitoli, ala ya nyuzi za kudonoa, iliyochongwa takriban kati ya 1280 na 1330. Mbavu na shingo yake zimejaa majani, wanyama na watu wadogo wanaofanya kazi za misimu. Baadaye iligeuzwa kuwa fidla, ikawekwa kipande cha fedha chenye nembo za Malkia Elizabeth I na Robert Dudley, Erli wa Leicester, na mwaka 1578. Wataalamu wa ala za kale wanasikitikia ugeuzaji huo. Mimi nadhani bila huo ingekwisha kuwa kuni.

## Ajira na malipo

Walilipwaje?

Kwa njia tatu zilizochanganyika: ujira wa siku, vitu, na tuzo. Minstreli wa Edward IV walihesabiwa peni nne na nusu kwa siku wanapokuwa jumbani. Wakati huo peni 12 zilifanya shilingi, na shilingi 20 pauni. Vitu vilikuwa chakula, mishumaa, kuni, na nguo za majira ya baridi na kiangazi.

Tuzo ndiyo iliyokuwa na ladha. Sisi tunasema mcheza kwao hutuzwa, lakini minstreli alituzwa kwao na ugenini pia. Daftari la Henry Percy, Erli wa tano wa Northumberland, lililoanza 1512, linaeleza kwamba wapigaji wake watatu wa kila siku, wa ngoma ndogo, udi na rebeki, wakipiga mlangoni kwa chumba chake asubuhi ya Mwaka Mpya, wapewe shilingi 20: shilingi 13 na peni 4 kwa niaba ya bwana, shilingi 6 na peni 8 kwa niaba ya bibi. Hata ukarimu uliandikiwa kanuni.

Walijifunza wapi?

Wengi kwa baba zao, au kwa kukabidhiwa kwa fundi. Mfano ninaoupenda ni wa Oktoba 1482, katika daftari la John Howard, aliyekuja kuwa Duki wa Norfolk mwaka uliofuata. Aliweka mkataba na William Wastell wa London, mpiga kinubi, amchukue mtoto wa John Colet wa Colchester, naye mpiga kinubi, amfundishe kupiga na kuimba kwa mwaka mmoja. Ada: shilingi 13 na peni 4, pamoja na kanzu. Nusu ya fedha ililipwa papo hapo. Iliyobaki na kanzu vingetolewa mwaka ukiisha, na fundi alifungwa na mkataba kumrudisha kijana. Ona kwamba baba wa kijana mwenyewe ni mpiga kinubi, ila bwana anataka mafunzo ya London.

Ilikuwepo pia njia ya mafundi waliokwisha kuajiriwa. Wakati wa Kwaresima karamu zilikoma, kwa hiyo wapigaji wa Ulaya walikutana mijini ng'ambo kubadilishana nyimbo na mitindo. Mikutano hiyo iliitwa shule za minstreli. Edward III aliwapa watu wake, wakiwemo wapiga zumari za mfuko, fedha za kwenda huko. Ndiyo maana nyimbo mpya zilivuka mipaka haraka ingawa wapigaji hawa kwa kawaida hawakuandika noti.

Kwa nini serikali iliwatungia amri?

Kwa sababu sare na ala zilifungua milango, na wajanja waliliona hilo. Mwaka 1315 Edward II alitoa amri akilalamikia wavivu wanaojidai minstreli ili wale na kunywa katika nyumba za wakubwa. Ikaamriwa kwamba kwa maaskofu, maerli na mabaroni wasiingie zaidi ya minstreli watatu au wanne wa heshima kwa siku, isipokuwa bwana mwenyewe akitaka wengine. Kwa watu wadogo asiende yeyote bila kuitwa.

Miaka miwili baadaye, siku ya Pentekoste mwaka 1317, mfalme huyohuyo alikuwa karamuni Westminster. Mwanamke aliyevaa mavazi ya minstreli akaingia ukumbini juu ya farasi, akazunguka meza kama wafanyavyo wapigaji, akamfikia mfalme, akamwachia barua, akaondoka. Barua ilimlaumu mfalme kwa kuwapuuza manaiti waliomtumikia yeye na baba yake, akiwatajirisha wengine. Walinzi wa mlango walipokaripiwa walijibu kwamba si desturi ya nyumba ya mfalme kuwazuia minstreli siku ya sikukuu.

Malalamiko hayakuisha. Tarehe 24 Aprili 1469 Edward IV aliwapa minstreli wake, wakiongozwa na Walter Haliday, hati ya kuunda chama chenye mamlaka juu ya wapigaji wa nchi nzima. Sababu iliyotajwa: wakulima na mafundi wasiojua kazi walikuwa wakijiita minstreli wa mfalme, wengine hadi kuvaa sare yake.

Nchi nzima kweli? Nimesikia Chester ilikuwa tofauti.

Umesikia vizuri. Hati ya 1469 iliiacha nje Chester, jimbo la kaskazini-magharibi mpakani na Wales, kwa sababu huko ukoo wa Dutton tayari ulikuwa na haki ya kuwatawala minstreli. Inasimuliwa kwamba Ranulf, Erli wa Chester, alizingirwa na Wawelshi katika ngome ya Rhuddlan. Roger de Lacy, ofisa wake mkuu, akakusanya watu waliokuwa mnadani Chester, minstreli na wengineo, akaenda nao. Wawelshi walipoona umati huo wakakimbia. Kama shukrani, mamlaka juu ya watu wa aina hiyo yakatolewa kwa Roger, hatimaye yakafika kwa akina Dutton. Habari yenyewe ina harufu ya hadithi za babu. Haki haikuwa hadithi: baraza la kuwapa minstreli leseni liliendelea kuitishwa Chester hadi 1756.

Tutbury nako, katika ardhi za John wa Gaunt, Duki wa Lancaster, minstreli walikuwa na "mfalme" wao wa kuwaamua, aliyethibitishwa kwa hati mwanzoni mwa miaka ya 1380.

## Muziki wa kanisani ndani ya jumba

Kapela ya bwana ni nini, na inatofautianaje na minstreli?

Ni kundi la mapadre, waimbaji watu wazima na wavulana waliosafiri na bwana na kuimba ibada zake za kila siku. Pia ni jengo, lakini watu ndio waliohesabika zaidi. Kitabu cha Edward IV kilichotajwa juu kinaipangia kapela ya mfalme makasisi na waimbaji 26, na watoto 8.

Tofauti na minstreli ni kubwa. Watu wa kapela walisoma Kilatini na noti, minstreli walitegemea sikio na kumbukumbu. Wa kapela waliweza kulipwa kwa kupewa vyeo vya parokia wasizozitembelea. Mwimbaji wa nyimbo za sauti nne na mpiga zumari wangeweza kula ukumbi mmoja miaka 20, kila mmoja katika dunia yake ya muziki.

John Dunstaple ni nani na mabwana wanaingiaje?

Ndiye mtunzi Mwingereza aliyesikika zaidi Ulaya katika karne ya 15. Alikufa 24 Desemba 1453, akazikwa kanisa la St Stephen Walbrook, London. Maandishi katika kitabu kimoja cha nyota yanamwita mwanamuziki wa Duki wa Bedford, yaani John, ndugu wa Henry V, aliyetawala kwa niaba ya mfalme mtoto katika Ufaransa iliyotekwa hadi alipofariki 1435. Aliwahi pia kumtumikia Malkia Joan wa Navarre, na Humphrey, Duki wa Gloucester.

Mabwana wanaingia kwa sababu walivuka bahari na kapela zao. Thomas, Duki wa Clarence, ndugu mwingine wa Henry V, alikuwa na Leonel Power, mtunzi wa hadhi hiyohiyo. Vita vilipowaweka Waingereza Ufaransa kwa miaka mingi, waimbaji wa huko wakasikia namna yao ya kupanga sauti: nafasi za tatu na sita kati ya sauti mbili (kuhesabu noti za ngazi ya muziki) zikipewa kipaumbele, mgongano wa sauti ukidhibitiwa, utamu ukitiririka. Kufikia miaka ya 1440 mshairi Martin le Franc aliandika kwamba Dufay na Binchois, watunzi vigogo wa bara, walikuwa wamechukua namna ya Kiingereza na kumfuata Dunstaple. Askari walikuja kufukuzwa, muziki ukabaki.

Ni kweli kuna mfalme aliyetunga muziki?

Hati ya Old Hall, mkusanyo mkubwa wa muziki wa kanisa wa mwanzoni mwa karne ya 15, ina vipande viwili vya Misa, Gloria na Sanctus, vilivyoandikwa jina "Roy Henry", yaani Mfalme Henry. Wengine wamemtaja Henry IV. Siku hizi wengi wanaegemea Henry V. Kama alisaidiwa na mtu wa kapela yake, asingekuwa mwanafunzi wa kwanza mwenye cheo kusaidiwa kazi ya nyumbani. Hati yenyewe ilinunuliwa na Maktaba ya Uingereza mwaka 1973.

## Mabwana wenyewe

Makabaila walipiga wenyewe, au walisikiliza tu?

Walipiga. Vijana wa vyeo waliolelewa katika nyumba ya Edward IV walikuwa na mwalimu aliyetakiwa kuwafundisha lugha, adabu za mezani, mapambano ya farasi, na pia kupiga kinubi, kupuliza filimbi, kuimba na kucheza dansi. Kijana wa naiti katika *Hadithi za Canterbury* za Chaucer anaimba au anapuliza filimbi mchana kutwa, na anatunga nyimbo mwenyewe. Henry V alipiga kinubi, na vinubi vilinunuliwa kwa ajili yake na mkewe Catherine.

Mipaka ilikuwa miwili. Kwanza, kabaila alipiga ala za chini tu: kujaza mashavu kwa tarumbeta hakukumfaa. Pili, hakulipwa. Aliyepiga kwa ujira, hata awe fundi mara mia, alibaki mtumishi.

Wanawake je?

Mabibi wa vyeo walifunzwa kuimba, kucheza dansi na kupiga ala za chumbani, na baadhi walikuwa na wapigaji wao mbali na wa waume zao. Kwa walioishi kwa kazi hiyo kumbukumbu ni haba. Tarehe 22 Mei 1306 Edward I alimtawaza mwanawe unaiti pamoja na vijana karibu 300 huko Westminster. Orodha ya malipo ya wasanii wa karamu hiyo imebaki: majina mengi ya wanaume, na katikati yao Matilda Makejoye, mwanasarakasi. Jina lake la kazi ni kama kusema "Leta-furaha". Mwanamke wa 1317 (soma swali la amri) anaonyesha kwamba mavazi ya minstreli kwa mwanamke hayakumshtua mlinzi wa mlango.

Karamu zote zilikuwa na kelele za muziki?

Hapana. Mwaka 1466 Leo wa Rozmital, bwana kutoka Bohemia, alitembelea London muda mfupi baada ya Malkia Elizabeth Woodville kujifungua binti. Mwenzake wa safari, Tetzel, aliandika kwamba katika maandamano ya kutoka kanisani walikuwepo watu wa tarumbeta, zumari na nyuzi, na waimbaji 42 wa mfalme walioimba vizuri sana. Kisha malkia akala akiwa peke yake kwenye kiti cha dhahabu, mama yake mzazi akipiga magoti, kwa saa tatu, na hakuna aliyesema neno. Dansi ilifuata baadaye. Ukimya huo nao ulikuwa umepangwa.

Walikwenda vitani?

Ndiyo. Mwaka 1415 Henry V alivuka kwenda Ufaransa na minstreli waliowekewa peni 12 kwa siku, sawa na mpiganaji mwenye deraya kamili na mara mbili ya mpiga upinde. Baada ya ushindi wa Agincourt, tarehe 25 Oktoba, wanahistoria wake waliandika kwamba alikataa nyimbo za kumsifu, akitaka sifa apewe Mungu. Wimbo wa Agincourt uliobaki, wenye kiitikio cha Kilatini cha kumshukuru Mungu, unatii sharti hilo kwa ujanja: mfalme anasifiwa kweli katika beti, na kiitikio kinamrudishia Mungu.

## Kilichobaki

Kama muziki ulikuwa mwingi hivyo, mbona tuna kidogo?

Wa minstreli haukuandikwa, kwa hiyo umekwenda na wenyewe. Anayerekodi leo "dansi ya jumba la York" anakisia, na wakisiaji wazuri hukiri hivyo kwenye jalada. Wa kapela uliandikwa, lakini katika Kilatini cha ibada ya zamani. Henry VIII alipovunja monasteri kati ya 1536 na 1540, na mageuzi ya dini yakaendelea chini ya mwanawe, vitabu vingi vilikatwa, ngozi zake zikawa majalada ya vitabu vingine. Vipande vingi tunavyovijua vimechomolewa humo.

Kitabu kikubwa kilichonusurika ni cha kwaya ya Chuo cha Eton, kilichoandikwa karibu na 1500. Kilianza na tungo 93. Zimebaki 64, baadhi zikiwa na mapengo, na kitabu bado kiko Eton.